Feni Sita, na Boksi Bado Linachemka

*Kila msimu wa kaskazi kompyuta za Kibamba huanza kukwama, na wenye nazo hukimbilia kuongeza feni. Mafundi wanavutana: boksi liachwe wazi au lifungwe? Na upepo uingilie wapi, utokee wapi?*

Januari, saa nane mchana, Kibamba, Dar es Salaam. Steshenari imejaa hadi mlangoni. Shule zinafunguliwa, na wazazi wamekuja na simu mkononi wakitaka fomu za kujiunga zichapwe. Wengine wanatafuta matokeo ya Baraza la Mitihani. Kijana mmoja anataka picha za pasipoti sasa hivi, bodaboda wake anamsubiri juani.

Kompyuta ni moja. Imevuliwa ubavu, nyaya zinaonekana zote, na mbele yake kuna feni ya mezani iliyosimamishwa juu ya katoni ya karatasi, inapuliza ndani kwa namba tatu. Pamoja na hayo, kishale cha kwenye skrini kinaenda kwa kusuasua, kinasimama, kinaenda tena.

"Mwanangu, si uizime ipumzike kidogo?" mama mmoja kwenye foleni anamshauri dada wa steshenari.

"Shikamoo mama. Nikiizima, itachukua robo saa kuwaka, na hawa wote wataenda kwa jirani."

Picha hiyo haikuanza leo, wala si ya Kibamba peke yake. Ipo Kimara, ipo Mbagala, ipo Gongo la Mboto. Lakini Kibamba ina mambo yake. Kata hii, iliyokuwa Kinondoni kabla Wilaya ya Ubungo haijazaliwa, iko mbali na upepo wa bahari. Barabara ya Morogoro inayoipasua imepanuliwa kuwa njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, na ukiiacha lami kuingia mitaani, unakutana na vumbi. Hospitali ya Mloganzila na kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis, kilichozinduliwa Februari 2021, vimeleta watu, na watu wameleta fremu. Kwenye fremu hizo ndimo kompyuta zinamochemkia.

Kompyuta haitoki jasho

Ni muhimu kuanzia hapa, maana kosa kubwa la wengi liko hapa. Mtu akikaa mbele ya feni anapata nafuu kwa sababu upepo unakausha jasho, na jasho likikauka linaondoka na joto la mwili. Kompyuta haina jasho. Feni kwake haileti baridi yoyote. Inachofanya ni kuhamisha hewa, hewa nayo ikabeba joto. Kama hewa ya chumbani ina nyuzi joto 33, hakuna idadi ya feni itakayolishusha boksi chini ya 33.

Hesabu yenyewe si ngumu. Lita moja ya hewa ikipita kila sekunde, na ikatoka na joto la nyuzi 10 zaidi ya lile iliyoingia nalo, hubeba takriban wati 12. Kompyuta ya ofisi inayokula wati 65 ikiwa kazini inahitaji, kwa kipimo hicho, lita tano hadi sita kwa sekunde. Kompyuta ya kuhariri video au kuchezea gemu, yenye kadi yake ya grafiki, ikifika wati 200 inahitaji lita kama 17.

Feni moja ya kawaida ya milimita 120, ikizungushwa bila kizuizi, husukuma lita 25 hadi 30 kwa sekunde. Kwa hesabu ya karatasi tu, basi, feni moja inatosha na inabaki. Kwenye boksi halisi mambo hubadilika: kuna wavu mbele, kuna chujio, kuna kamba za nyaya katikati, kuna blanketi la vumbi. Nusu ya upepo ule inaweza kupotelea njiani.

> Feni ya kwanza huondoa joto jingi. Ya pili kidogo. Ya tatu karibu uisikie tu kwa masikio.

Tena angalia jinsi faida inavyopungua. Kwenye mashine ile ya wati 200, lita 17 huliacha boksi nyuzi 10 juu ya joto la chumba. Ukiongeza upepo mara mbili, tofauti inashuka hadi nyuzi tano. Ukiongeza mara tatu, inafika tatu na kitu. Feni ya tatu imeokoa chini ya nyuzi mbili. Na anayedhani atamaliza shida kwa kuzizungusha kwa kasi zaidi ajue kwamba feni ikiongezwa kasi mara mbili hula umeme mara nane, na kelele yake hupanda kiasi cha kumfanya mteja apaze sauti.

Sasa rudi kwenye nyuzi 33 za Januari. Ndani ya boksi zinakuwa 43. Prosesa ikifanya kazi kwa nguvu, na bamba lake la mapezi likiwa limeziba, inaweza kuwa nyuzi 40 au 50 juu ya hapo. Prosesa nyingi za Intel zilizomo kwenye mashine hizi hujipunguza kasi zenyewe zikikaribia nyuzi 100 ili zisiungue. Ndiyo maana kishale kinasuasua, ingawa wengi huitafsiri dalili hiyo kuwa virusi. Mwezi Julai, chumba kikiwa na nyuzi 26, mashine ileile, kwa vumbi lilelile, hufanya kazi bila lawama.

Walichopanga waliotengeneza

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania, ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine za zama zile zilikaa kwenye vyumba vyenye viyoyozi, na waliozihudumia hawakuwa na haja ya kuwaza vumbi la mtaani. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta. Zilikuja kumiminika baadaye, marufuku ilipolegezwa, na nyingi zikaja zikiwa mitumba.

Kompyuta hizo za mitumba ndizo zilizoshika steshenari: Dell OptiPlex, HP Compaq na EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Zilinunuliwa kwa ajili ya ofisi zenye baridi, zikatumika miaka michache, zikauzwa, zikavuka bahari, zikaishia Kariakoo. Mtu wa Kibamba huzifuata huko kwa daladala hadi Kimara, kisha mwendokasi hadi Gerezani.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalioni ni kwamba ndani ya mashine hizi njia ya upepo ilishapangwa. Wahandisi walihangaika nayo miaka mingi. Mpangilio wa ATX, ulioletwa na Intel mwaka 1995, mwanzoni ulitaka feni ya pawasaplai ivute hewa ya nje na kuipulizia prosesa. Wazo likaonekana halifai: hewa ilikuwa ikipita kwenye pawasaplai kwanza, inafika kwa prosesa imeshapata moto. Feni ikageuzwa, ikawa inatoa.

Baadaye prosesa za Pentium 4 zilipoanza kuwaka kama jiko, Intel ikaleta mpangilio mwingine, BTX. Huo uliiweka prosesa mbele, karibu na mdomo wa boksi, ili hewa mbichi iipige kabla ya kitu kingine chochote. Soko halikuupenda, na mwaka 2006 Intel ikaacha kuusukuma. Lakini Dell ilikuwa imeshautumia; OptiPlex 745 na 755 zile za boksi refu zilikuja nao. Ukifungua moja utakuta kifuniko kikubwa cha plastiki kinachounganisha feni ya mbele na prosesa, mfano wa handaki.

Na hapa ndipo mkono wa fundi unapoharibu. Kifuniko kile kinambana fundi anayetaka kuongeza memori. Fundi anakitoa, anachomeka memori, anawasha, kompyuta inawaka. Kifuniko kinabaki chini ya meza. Upepo uliokuwa unapelekwa moja kwa moja kwa prosesa sasa unatawanyika humo ndani, na miezi mitatu baadaye mteja anarudi kulalamika kwamba mashine "imechoka".

Kuna pia suala la feni zenyewe. Mashine za kampuni hizi mara nyingi zina plagi za feni zisizofanana na za dukani, na zina macho. HP ya ofisi isipoiona feni ya boksi huandika kwenye skrini ujumbe wenye namba 512, kwamba feni haipo, kisha inasubiri mtu abonyeze kitufe ndipo iendelee. Steshenari nyingi zimezoea kubonyeza F1 kila asubuhi kama sehemu ya kufungua duka. Ujumbe ule haukuwekwa kwa mapambo.

Joto halimaliziki kwenye prosesa. Kapasita, vile vipipa vidogo kwenye ubao mkuu, kwa kanuni ya kawaida ya mafundi hupoteza nusu ya umri kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Dell yenyewe ilionja hasara: kapasita mbovu kwenye OptiPlex GX270 na GX280 zilivimba na kuvuja kwa wingi hadi kampuni ikatenga dola milioni 300 mwaka 2005 kwa ajili ya kuzirekebisha na kubadilisha mashine. Kapasita zile zilikuwa na kasoro tangu kiwandani, na joto likazimalizia.

Wazi au lifungwe?

Kwenye vijiwe vya mafundi, mabishano makali yako hapa. Kambi moja inasema ubavu uvuliwe, feni ya mezani iwashwe, mambo yaishe. Kambi ya pili inasema boksi lifungwe kama lilivyotoka kiwandani, feni zipangwe, na atakayelivua ubavu atalipa baadaye.

Kwa upande wa joto tupu, kambi ya kwanza haijakosea. Feni ya mezani husukuma mamia ya lita kwa sekunde, mbali kabisa na uwezo wa vifeni vya ndani. Boksi lililozibwa mdomo kwa vumbi likivuliwa ubavu hupoa dakika hiyohiyo. Anayekataa jambo hilo hajawahi kupima.

Gharama inakuja polepole. Vumbi la Kibamba halichagui; feni ya mezani inalipuliza lote ndani, na unyevu wa Dar es Salaam unaligandisha kwenye mapezi ya aluminiamu hadi linakuwa kama udongo uliokandikwa. Mende wanapenda joto. Sisimizi pia. Mjusi akipita juu ya saketi yenye umeme, anaweza kuondoka na ubao mkuu. Na palipo na mtoto anayetambaa, boksi wazi halina utetezi.

Boksi lililofungwa vizuri linafanya kazi kwa kanuni ambayo wakazi wa Magomeni na Kariakoo ya zamani waliijua bila kusoma fizikia. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita ina ukumbi katikati, kutoka barazani hadi uani. Fungua mlango wa mbele na wa nyuma, upepo unapita moja kwa moja, unaondoka na joto la vyumba vyote. Boksi zuri ni hivyo: hewa iingilie mbele, chini, itokee nyuma, juu, pale prosesa ilipo. Joto hupenda kupanda, ni kweli, ila nguvu yake ya kupanda ni ndogo sana mbele ya feni, kwa hiyo anayepanga feni afuate njia kwanza, habari ya juu na chini baadaye.

> Feni ya juu iliyokaa karibu na mdomo wa boksi huiba hewa mbichi kabla haijafika popote.

Kwa mwenye boksi la kuongezea feni, mbili mbele za kuingiza na moja nyuma ya kutoa zinatosha kazi nyingi za watu. Akitaka ya juu, aiweke upande wa nyuma. Ikikaa juu upande wa mbele, inavuta hewa iliyoingia sasa hivi na kuitupa nje ikiwa haijagusa kitu.

Kisha kuna suala la ipi izidi, inayoingia au inayotoka. Feni za kutoa zikizidi, boksi linanyonya hewa kupitia kila upenyo: matundu ya USB, nafasi za kadi, mianya ya bati. Vumbi linaingilia huko kusiko na chujio. Za kuingiza zikizidi kidogo, mianya hiyohiyo inapumua nje, na vumbi linanaswa kwenye chujio la mbele, ambalo linaweza kutolewa na kuoshwa. Kuna wanaopima na kukuta boksi la kutoa zaidi linapoa kwa nyuzi moja au mbili zaidi. Hilo huwezekana kwenye chumba safi. Mahali kama Kibamba, nyuzi moja haina thamani ya kufungua mashine kila wiki mbili kusugua.

Taa zinazodanganya

Vijana wa gemu na wahariri wa video wa Mbezi na Kimara wana tatizo lao tofauti. Wananunua maboksi ya vioo yenye feni za taa, tatu, tano, sita. Yanapendeza usiku. Lakini kioo cha mbele hakipitishi hewa. Feni tatu zilizopangwa nyuma yake zinagombania upenyo wa vidole viwili pembeni. Boksi la bei ndogo lenye wavu mtupu mbele linaweza kulishinda kwa mbali.

Halafu feni inawekwa kinyume. Feni ya kawaida huvuta upande ulio wazi na kutoa upande wenye miguu ya plastiki inayoshikilia mota. Upande mzuri, wenye taa, ni ule wa kuvutia. Feni ya chini au ya ubavuni ikiwekwa sawasawa ili iingize, mtazamaji anaona miguu na waya. Kijana anaigeuza ili taa zionekane, na bila kujua amegeuza feni ya kuingiza kuwa ya kutoa. Akigeuza kila ya kuingiza hivyo, zote sita zinatoa. Watengenezaji wameligundua hilo, wakaanza kuuza feni zenye mapanga yaliyopinda kinyume ili urembo na upepo vielekee upande mmoja. Ambaye hana hizo avumilie kuona miguu.

Feni nyingi zina vishale viwili vidogo kwenye fremu: kimoja cha mwelekeo wa mzunguko, kingine cha mwelekeo wa hewa. Kama havipo, kuna kipimo kisichohitaji duka. Washa kijiti cha udi, au kipande cha dawa ya mbu, ukisogeze mbele ya boksi lililofungwa. Moshi ukinywewa ndani bila kusita, mdomo unafanya kazi. Uhamishe nyuma: unapaswa kusukumwa mbali. Kisha zunguka taratibu kwenye mianya ya ubavuni. Moshi ukivutwa hapo, unajua vumbi linakoingilia. Dakika moja inatosha. Moshi ukizidi unaacha utando wake.

Duka la muvi

Kuna biashara ambayo feni za boksi huiathiri kwa namna isiyotarajiwa: wale wanaojaza nyimbo na sinema zilizotafsiriwa kwenye flashi. Mashine zao hukaa zimewashwa asubuhi hadi usiku, zikiwa na diski tatu au nne zilizobanana kama samaki kwenye tenga. Wenyewe huogopa joto la diski kuliko kitu kingine.

Utafiti wa Google uliochapishwa mwaka 2007, uliochunguza diski zaidi ya laki moja, ulitoa jibu lililowashangaza wengi. Joto la wastani halikuonekana kuwa muuaji mkubwa wa diski. Joto la juu sana, hasa kwa diski zilizozeeka, ndilo lililoleta madhara. Kwa mwenye duka la muvi tafsiri yake ni hii: nafasi ya kidole kati ya diski na diski, na feni moja ya mbele inayozipiga, zinatosha. Hana haja ya feni nne. Pesa ya feni nyingine tatu inunue diski ya akiba ya kunakilia kazi zake.

Bloa ya fundi pancha

Usafi nao una mabishano. Wapo wanaobeba boksi hadi kwa fundi pancha, likapigwa upepo wa kompresa. Vumbi linatoka kweli, wingu zima. Shida ni kwamba tangi la kompresa hukusanya maji, hasa kwenye hewa yenye unyevu kama yetu, na maji hayo hutoka na upepo. Mwenye kulazimika aupulizie ukuta kwanza hadi mpira utoe upepo mkavu, kisha asubiri kabla ya kuwasha mashine. Bloa ndogo ya umeme na brashi laini ya rangi ni salama zaidi. Feni izuiwe kwa kidole isizunguke: bloa inaweza kuizungusha kupita kasi iliyotengenezewa na kuua beringi zake.

Fremu isiyo na uani

Baada ya yote hayo, bado kuna chumba. Fremu nyingi za pembezoni mwa Barabara ya Morogoro zimejengwa kwa mlango mpana mbele na ukuta mtupu nyuma. Juu ni bati, pengine na dari nyembamba. Hewa inaingia mlangoni na kurudi mlangoni. Humo ndani kuna mashine ya fotokopi, printa, na watu. Na mtu mmoja aliyesimama tu hutoa karibu wati 100 za joto. Wateja watano kwenye foleni wanapasha chumba kuliko kompyuta saba za ofisi. Boksi lenye feni zilizopangwa kwa ustadi wote litavuta hewa ile ile liliyoitoa dakika iliyopita.

Kiyoyozi cha BTU 12,000 hula takriban kilowati moja, na LUKU ya steshenari haiwezi kukibeba siku nzima. Feni ya kutolea hewa, iliyotobolewa juu ya ukuta wa nyuma, hula wati 30 au 40. Hata safu mbili za tofali za matundu zingesaidia. Lakini ukuta si wa mpangaji. Mwenye nyumba anafikiria mvua, anafikiria wezi, anafikiria mpangaji ajaye, anakataa. Mpangaji naye ana mkataba wa miezi sita.

Aliyekataliwa hubaki na uamuzi wa mahali pa kuweka boksi. Sakafuni kunakusanya vumbi la viatu. Kwenye kabati la meza lenye mlango, hewa haizunguki kabisa. Karibu na mlango kuna hewa mbichi, na kuna barabara, na kuna mikono ya wapita njia. Kwa hiyo linaishia juu ya meza, mdomo ukitazama mlango na kisogo kikiwa shibri moja kutoka ukutani, huku fotokopi ikisogezwa upande wa pili wa chumba ili pumzi yake ya moto isiingie kwenye mdomo wa kompyuta.